Karatasi ya Damu ya Dada Yangu

Watu wa huku kwetu Mgeta bado wananiletea karatasi niwasomee. Juzi alikuja jirani na kijikaratasi cha dawa ya wadudu wa kabichi, anataka kujua vifuniko vingapi kwa bomba moja. Nikamsomea. Hayo naweza. Lakini mtu akija na karatasi ya maabara, namrudishia kabla hajaikunjua, namwambia arudi nayo kwa aliyempa. Wapo wanaosema uzee umenipa maringo.

Nilimaliza kidato cha nne zamani, wakati mteremko wetu mzima ulikuwa na wawili tu waliofika huko. Mwenzangu akawa padri. Mimi nikarudi kulima viazi, na kwa kuwa sikupata cheo kingine chochote maishani, hicho cha kusoma karatasi za watu nilikishika kwa mikono miwili. Barua za mahakama, fomu za shule, maelezo ya mbolea, nilivisoma vyote. Mara moja nililetewa cheti cha ubatizo cha zamani kilichoandikwa Kilatini, nikakisoma pia, na Kilatini sikijui. Hakuna aliyegundua. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Jambo la pili ni la kwetu Waluguru, na asiye wa kwetu lazima nimweleze kidogo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa anakwenda kulima kwa mkewe, na hata akae huko miaka arobaini, neno la mwisho juu ya mke huyo na watoto wake si lake. Ni la kaka wa mke. Vijana walioshuka mjini wameyaacha haya. Sisi tuliobaki juu bado tunayashika, hasa kwenye ugonjwa na msiba. Dada yangu alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo ni mimi.

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka tisa. Alikuwa mwanamke wa kubeba kiroba cha karoti kichwani kutoka shambani hadi barabarani, pale magari ya Fuso yanapopakia mboga za Dar, bila kukitua njiani. Kipupwe kimoja, miaka minne sasa, akaanza kukitua. Kwanza mara moja, kisha mara tatu. Akawa anakula matonge mawili ya ugali anasukuma sahani, anasema tumbo limejaa. Mumewe, shemeji yangu, ndiye aliyempeleka kituo cha afya. Pale walikuwa wamepata mashine mpya ya kupima damu, inayotoa karatasi laini ndefu kama risiti ya dukani.

Hawakwenda nayo nyumbani. Walikuja nayo kwangu moja kwa moja, kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona mmekuja na karatasi, mmenishtaki?"

"Tukushtaki tupate nini, huna hata kuku," dada akacheka. Kisha akainyoosha ile karatasi gotini, akanipa. "Kaka, nisomee. Tabibu ameitazama akanyamaza. Mimi mtu akinyamaza naogopa."

Nikavaa miwani. Ilikuwa mistari zaidi ya ishirini ya herufi za kifupi na namba. Niliitambua miwili. Mmoja ulikuwa wekundu wa damu, nao ulikuwa umeshuka kidogo. Mwingine ulikuwa chembe nyeupe. Mashine yenyewe iliandika pembeni kwamba kawaida hazizidi kumi na moja. Za dada yangu zilikuwa mia moja na arobaini na kitu. Chini kabisa, kwa kalamu ya bluu, tabibu alikuwa ameandika kwa mkono: Arudie kipimo. Apelekwe hospitali ya mkoa.

Niliiona sentensi hiyo. Sitasema sikuiona.

Mistari mingine yote sikuielewa. Ningeweza kusema hivyo. Lakini walikuwa wamekaa mbele yangu wananitazama mdomo, na shemeji alikuwa mmoja wao, mtu asiyefika hata darasa la saba, naye nilitaka hasa asinione nimekwama. Nikaikodolea macho ile karatasi kwa muda ambao nilidhani msomi angeikodolea. Kisha nikakumbuka somo la baiolojia. Mwalimu wetu alituambia chembe nyeupe ni askari wa mwili, zinapigana na magonjwa. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote.

"Dada," nikasema, "hawa ni askari. Wenzako wana askari kumi, wewe una mia na arobaini. Mwili wako umejilinda kuliko wa mtu yeyote hapa kijijini. Huu uchovu ni damu imepungua kidogo. Kula mchicha, kula maini."

"Si kansa ya damu, kaka?"

Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Kwenye kwaya yao kulikuwa na mama aliyefiwa na mtoto kwa ugonjwa huo, na dada alikuwa amemsikia akisimulia jinsi mtoto alivyoanza kwa kuchoka. Nikacheka. Kicheko changu kile nakisikia hadi leo.

"Kansa ya damu ni ya watoto. Wewe una wajukuu."

"Na haya ya chini?" shemeji akauliza. Alikuwa ameziona zile herufi za bluu, na alikuwa amezisoma mwenyewe, polepole. "Anasema apelekwe mkoani."

"Wanaandika hivyo kwa kila mtu, ili likitokea la kutokea wasilaumiwe."

Dada akashusha pumzi. Sijawahi kuona mtu akipokea uongo kwa shukrani namna ile. Akainuka akakumbatia mabega yangu kwa nyuma, akasema, "Asante, msomi wetu," akaenda jikoni kumsaidia mke wangu kumenya viazi. Karatasi ilibaki kwangu. Niliiweka ndani ya daftari langu la zamani la shule.

Habari ikaenea. Siku ya gulio wanawake wenzake wakaanza kumwita Kamanda.

"Kamanda, jeshi halijambo?"

"Halijambo. Ila linakula chakula changu chote, ndiyo maana nakonda hivi."

"Basi lipunguze, utabaki kofia tupu!"

Walicheka, naye alicheka kuliko wote. Nilikuwa nimesimama pale, nikicheka na kujisikia mtu mkubwa. Blauzi yake ilikuwa imebanwa kwa pini mgongoni kwa jinsi alivyokonda.

Mwezi wa nane shemeji alikuja peke yake. Alinikuta napalilia. Hakuvuka tuta, alisimama upande wa pili kama mtu aliyekuja kuomba.

"Shemeji, mwenzangu analowa jasho usiku. Shuka unaweza kulikamua. Na baridi hii ya kukata masikio, sisi wengine tunalala na masweta."

"Ni umri wa wanawake huo. Hujui?"

"Umri huo ulipita zamani, shemeji. Mimi nalala naye, najua. Naomba ruhusa nimshushe Morogoro, wakamtazame tena."

Neno aliloomba lilikuwa dogo, na kulitoa kusingenipunguzia kitu. Lakini nilisikia ndani yake mtu anayesema kwamba nilisoma vibaya. Nikainua mgongo nikamwambia, "Wewe ulikuja kwetu na jembe begani. Kazi ya jembe lako naiona, ni nzuri, sina neno. Damu ya dada yangu niachie mimi."

Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akaondoka. Alikuwa amekaa kwetu miaka thelathini na mbili. Matuta yote ya shamba la dada, yale ambayo mvua haiyabomoi, aliyachimba yeye na kuyapanda majani pembeni. Hakuwahi kunijibu vibaya.

Mara moja tu alijaribu kunizunguka, na hilo ndilo jambo ninalolijutia zaidi ya yote. Ilikuwa karibu na Krismasi. Alizungumza na dereva wa Fuso, akampatia mkewe nafasi mbele, kwenye kiti, wao washuke na mzigo wa karoti hadi mjini. Mtu akaja kuniambia. Niliteremka njia ile nusu nikikimbia, na umri wangu huu, nikalikuta gari linaunguruma tayari. Dada alikuwa amekaa ndani, amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkoba mapajani. Shemeji alikuwa juu ya mzigo.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini, kaka. Kupima tu."

"Nani kaamua?"

Wapakiaji wakaacha kupakia. Dada akamtazama mumewe juu ya viroba, akanitazama mimi. Ningeweza kusema, nendeni salama. Wote waliokuwepo wangenisifu kwa busara. Badala yake nilifungua mlango wa gari. Nilisema, "Shuka."

Alishuka. Alipokanyaga chini alijishika ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, kisha akacheka ili watu wasione aibu yetu. "Kaka amesema," akamwambia dereva. "Nenda, baba. Kamanda amepokea amri." Watu wakacheka, Fuso likaondoka. Shemeji aliruka chini kutoka juu ya mzigo, akauchukua mkoba wa mkewe, wakapanda mlima, yeye mbele, dada nyuma akitua kila baada ya hatua chache. Mimi nilibaki barabarani nikiamini nimeilinda nyumba yetu.

Ule ubavu wa kushoto ndio uliofuata. Ulikuwa mgumu, ukiugusa unasikia kitu kama ukingo wa ubao. Wazee wetu wanalijua jambo hilo: ni bandama, imevimba, na dawa yake ni kuchanjwa juu yake kwa wembe na kupakwa majivu ya mizizi. Mimi niliyekuwa nimekataa hospitali kwa jina la usomi, sasa nikamwita bibi wa kuchanja. Hata hilo sikuliona.

Bibi alichanja mistari midogo saba, asubuhi. Mchanjo wa namna ile hukauka kabla chai haijachemka. Wa dada yangu haukukauka. Saa sita kanga ya kwanza ilikuwa imelowa, saa tisa ya pili. Damu yenyewe haikutoka kwa nguvu, ilikuwa inavuja tu, haikomi. Bibi alikusanya vitu vyake akasema hajawahi kuona hili, na hapokei chochote. Shemeji alikaa ameweka kiganja juu ya mistari ile, anabonyeza. Hakunitazama, wala hakuomba ruhusa tena. Alimwambia binti yao, mpwa wangu, "Kaite watu wa machela."

Tulimbeba hadi barabarani na kumpakia kwenye gari la kukodi. Tukashuka na zile kona zote, tukapita Mzumbe jua linazama, wanafunzi wa chuo wakitembea kando ya barabara na vitabu vyao. Nilikuwa nimelichukua lile daftari langu. Sijui kwa nini. Labda nilidhani bado ningehitajika kueleza.

Daktari wa zamu kwenye hospitali tuliyofika alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Walimpima dada upya. Kisha akauliza kama amewahi kupimwa damu kabla. Nikatoa karatasi kwenye daftari. Namba zilikuwa zimeanza kupauka, lakini zilisomeka. Aliisoma akaangalia tarehe. Akaisoma tena.

"Hii ni ya miezi kumi iliyopita. Nani aliwasomea?"

Shemeji alitazama sakafu. Mpwa wangu alinitazama mimi.

"Mimi," nikasema.

"Mzee ni daktari?"

"Hapana. Ni kaka yake."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alivuta kiti akanieleza, taratibu, jinsi karatasi ile inavyosomwa. Kwamba namba moja peke yake haisemi ugonjwa. Chembe nyeupe zikipanda kidogo yaweza kuwa kidonda, homa, mimba, hata dawa mtu anazomeza, na wengi wanaoogopa kansa wakirudia kipimo wanakuta zimeshuka zenyewe. Ndiyo maana kinarudiwa. Lakini zikipanda kiasi kile, hakuna wa kukaa nazo nyumbani. Mtu anatazamwa bandama, na damu yake inapakwa kwenye kioo, mtaalamu aone kwa macho ni chembe za aina gani. Mashine inahesabu tu, alisema.

"Tulifundishwa ni askari wa mwili," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mwanafunzi.

"Hata sisi tulifundishwa hivyo, babu. Lakini ukiamka ukakuta mtaa wenu umejaa askari mia na arobaini, utasema hapa pana amani?"

Wakatupa rufaa ya Dar. Huko ndiko walikotoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho, na ndiko jina la ugonjwa lilikotajwa. Ilikuwa saratani ya damu, ile ya taratibu, ambayo huanza polepole, mtu anachoka na bandama inavimba, na kwa wengi ikikamatwa katika kipindi hicho kuna vidonge vya kumeza kila siku. Daktari wa pale alisema wapo wagonjwa wake wanaoendelea na kazi zao miaka na miaka. Ya dada yangu ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa ya haraka.

"Angeletwa ile mara ya kwanza, angepona?" nikamuuliza.

"Siwezi kusema ndiyo, mzee. Na siwezi kusema hapana."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile. Angesema hapana, ningelala. Angesema ndiyo, ningejua uzito wake na kuanza kuuzoea.

Walimpa dawa hata hivyo. Aliishi wiki saba. Kuelekea mwisho, mchana mmoja shemeji alipotoka kutafuta uji, dada aliniita nisogee. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Kaka. Ile karatasi uliisoma kweli, au uliona aibu?"

Nimewadanganya watu wengi maishani, na wakati ule ingekuwa rahisi kama zamani. Nikasema, "Niliona aibu."

Alilamba midomo.

"Ungesema tu hujui. Nani angekucheka?"

Nilingoja aseme jambo jingine, la kunihukumu au la kunisamehe. Aliomba maji.

Tulimzika juu, shambani kwake. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikusanyika, na hapo desturi yetu ina jambo lake la mwisho. Mke akifa, mume hana tena sababu ya kukaa kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Kaka wa marehemu humwachilia mbele ya watu: humkabidhi jembe, kumwambia kazi aliyokuja nayo imekwisha, yuko huru kurudi kwao. Yaani mimi niliyekosea nibaki, na yeye aliyekuwa sahihi aondoke, na anayemwondoa niwe mimi.

Nilisimama. Kabla ya jembe nilisema niliyokusudia: kwamba karatasi ilisema apelekwe hospitali, kwamba mume wake aliomba ruhusa nami nikakataa, kwamba nilimshusha kwenye gari kwa mkono wangu mwenyewe, na kwamba kama ni haki kuna mtu mwingine wa kupewa jembe leo. Nikasema shemeji abaki na shamba. Sikufika mbali. Wazee wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Kaa, baba, huo ni uchungu unasema." Mwingine, "Mipango ya Mungu haisomwi kwenye karatasi." Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa, wakaupokea wote, hadi nikanyamaza. Hawakuwa wananihurumia. Mjomba akiwa na hatia, ukoo mzima una hatia, na hilo hawakulitaka.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyemaliza. Alikuja akalitoa jembe mikononi mwangu, akalipima mpini wake kama mkulima afanyavyo.

"Tusibishane mbele ya kaburi," akasema. Kisha kwa sauti ya kunitosha mimi tu: "Shemeji, wewe ndiye unayejua kusoma. Mimi nilikuwa namtazama tu."

Sasa amepanga chumba kwa mtu huko Kilakala, Morogoro mjini, anauza mboga. Nilimfuata mara moja. Alinikaribisha kiti, akanipa chai, tukaongea juu ya bei za karoti na mvua. Nilipoanza kusema habari ile aliinuka kwenda kumhudumia mteja, na hakukuwa na mteja. Shamba analima mpwa wangu. Mvua kubwa ya mwaka jana ilibomoa matuta matatu, hakuna anayejua kuyarudisha kama yalivyokuwa.

Mwezi uliopita mpwa wangu alijisikia vibaya, akapimwa damu pale pale kituoni. Nilimwona akipita njia ya juu ya nyumba yangu, karatasi mkononi, akiteremka kulikimbilia gari la mjini. Alinisalimia kwa mbali, shikamoo mjomba, bila kusimama. Nikaitikia marahaba. Kwa desturi alipaswa kuingia. Nilisimama mlangoni hadi nilipolisikia gari likiondoka.

Kisha nilirudi ndani nikalifungua lile daftari. Karatasi zile za mashine hazidumu. Wino wake hufutika wenyewe. Ya dada yangu imekuwa nyeupe sasa, namba zote zimekwenda, hata ile mia na arobaini. Kimebaki kile tu kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa Kiswahili, ambacho shemeji alikisoma siku ile ile, herufi moja moja: Arudie kipimo. Apelekwe hospitali ya mkoa.